Mtoto Aliyefundishwa Asiitike

Mwanangu, ipo siku moja ambayo ikinijia kichwani, hata kama niko sokoni na mteja ananiuliza bei ya nyanya, natulia kwanza ndipo nimjibu. Ni ya zamani, nilikuwa na miaka kumi na saba. Lakini juzi, hapa hapa Kwamndolwa ninapoishi sasa, imenirudia yote. Jirani yangu, binti mwenye mtoto wa miaka minne, alikuwa kibarazani anachezea simu yake na mtoto anamsumbua. Akamwambia, "Endelea tu kulia, kuna jitu nyuma ya choo linakula watoto." Mtoto akaingia chini ya kiti, kimya kabisa. Mama yake akacheka, akarudi kwenye simu.

Mimi sikucheka. Nilimwita nikamkalisha, na ninayokueleza wewe ndiyo niliyomweleza yeye. Wananiambia Bi. Rehema ni mkali. Ni kweli, lakini safari hii nina sababu, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho.

Kwetu ni Handeni, kijiji kilicho nje ya Chanika. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na shamba la mahindi, na nyuma ya shamba pori. Usifikirie msitu wa baridi wenye miti mirefu kama ule wa Usambara. Letu lilikuwa pori kavu, miti ya kimo cha kawaida na vichaka vya miiba vilivyoshikana, ukiingia hatua hamsini hujui umetokea wapi. Upande wa magharibi, ndani huko, kulikuwa na mashimo ya watu waliokuja kutafuta dhahabu wakakata tamaa. Walichimba kwenda chini kama wanachimba kisima, wakaondoka bila kufukia, na nyasi zikaota zikafunika midomo ya mashimo. Ng'ombe wawili wa Wamaasai walishatumbukia humo.

Mwaka ule dada yangu Halima, aliyekuwa ameolewa Makuyuni, alirudi nyumbani kujifungua, kama ilivyo desturi yetu, mtu azalie kwa mama yake. Akapata mtoto wa kiume. Basi akawa ndani, anahesabu arobaini yake. Mzazi hatoki, kitoto hakivuki mlango, na mama yangu kwenye mambo hayo alikuwa askari. Mume wa Halima alikuwa amebaki kwao na shamba. Na binti yao mkubwa, Mwajuma, mwenye miaka sita, nikakabidhiwa mimi.

Mwanangu, nilimpenda Mwajuma, nisije nikasema uongo. Lakini alikuwa kama kupe. Nikienda kisimani yupo, nikienda kuoga yuko nje ya ua ananiuliza nimefika wapi. Kazi yake ya nyumbani ilikuwa moja tu. Kitoto kikilia, yeye wa kwanza kukimbia, anashika mguu wake anasema, "Nyamaza, mdogo wangu," halafu anapiga kelele mama yake asikie, "Mama, mtoto analia!" Kana kwamba Halima aliyelala naye kitanda kimoja hasikii. Tulikuwa tunacheka sana.

Mimi nilitaka kwenda kuni na wenzangu bila mkia. Safari ya kuni ndiyo ilikuwa nafasi yetu sisi mabinti, huko ndiko tulikosemea ya kwetu, nani kaposwa, nani kaandikiwa barua, na mtoto wa miaka sita husikia neno porini akalitoa mezani mbele ya baba yako. Nikamkataza, hakusikia. Nikamchapa kidogo, akalia, kesho akanifuata tena. Ndipo nikatunga.

Nilimwambia porini kuna kitu kinachojifunza majina ya watoto. Kinakuita kwa sauti ya mtu unayemjua, kinaweza kuchukua sauti yangu, ya babu, hata ya mama yako. Ukiitika tu, kimekupata. Kwa hiyo ukijikuta huko na ukasikia jina lako, usiitike. Ziba mdomo, jikunyate kichakani, na ukiona sauti inakaribia, kimbia uende mbali nayo. Alinitolea macho akaniuliza, "Sasa mtu wa kweli nitamjuaje?" Nikamjibu aache maswali mengi.

Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilitaja nasikia vibaya. Nilimpima. Nilijificha nyuma ya ghala nikamwita kwa kuigiza sauti ya Halima, "Mwajumaa! Mwajuma wee!" Yule mtoto alikuwa anacheza uani. Aliziba mdomo kwa mikono miwili, akaingia chini ya uchanja wa vyombo, na hakuitika hata nilipoita mara ya tano. Nikamtoa, nikamsifu, nikampa kipande cha muwa. Nilijiona mjanja sana.

Siku yenyewe tulitoka baada ya adhuhuri. Mwajuma alibaki mlangoni ananitazama, hakuthubutu kunifuata. Tulipofika porini nikagundua nimesahau ngata yangu, ile ya kitambaa cha kanga ninayoweka kichwani chini ya mzigo. Nikasokota majani nikatumia hayo. Tukakata kuni, tukasema ya kwetu, tukarudi kwa njia ya kisimani ili tunywe maji. Alasiri ilikuwa imeingia nilipotua mzigo uani.

Mama akatoka ndani akatazama nyuma yangu. "Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani? Si nimemwacha hapa?"

"Si alikufuata wewe," mama akasema. "Alikuja mbio akasema mama mdogo kasahau ngata, anakupelekea. Nikajua yuko na wewe."

Nikatazama ukutani kwenye msumari ninapotundika ngata. Hakukuwa na kitu.

Hebu fikiria, mwanangu. Mtoto niliyemtisha mpaka akaogopa pori kuliko moto aliingia pori hilo hilo kwa sababu shingo yangu ingeumia.

Baba alichukua panga akatoka. Msikitini wakapaza sauti, na muda si mrefu wanaume kama kumi walikuwa wamekusanyika pamoja na Mzee Mbelwa, mrina asali, ambaye mizinga yake ilikuwa imetundikwa pori zima na ambaye alilijua pori lile kuliko alivyojua nyumba yake. Nami nikaenda nao. Tukaingia tumejipanga mstari, kila mmoja akiita kwa nguvu zake zote. "Mwajumaa! Mwajuma!" Pori lote likawa jina lake.

Na mimi peke yangu, katika watu wote wale, nilijua kwamba tunamfukuza.

Nilijua tangu mwito wa kwanza. Nilikuwa natembea na wenzangu, mdomo naufungua, sauti haitoki. Ningesema pale pale. Lakini baba alikuwa mbele yangu na panga mkononi, na nikawaza atakavyonigeukia, nikawaza kijiji kizima kitakavyonisema, nikajiambia labda watampata sasa hivi, baada ya kichaka hiki, nami sitalazimika kusema. Kikapita kichaka hicho, kikapita cha pili. Jua likawa limeinama. Nilinyamaza hivyo kwa muda wa kutosha kupika maharage yakaiva, mwanangu, na mtoto yuko peke yake.

Mzee Mbelwa hakuwa anaita. Alikuwa ameinamia ardhi, anatembea polepole kando ya wengine. Mwisho akamwita baba. Nikasogea nisikie.

"Nyayo zake hizi," alisema. "Alikuwa anarudi nyumbani, amegeukia huko tulikotoka. Halafu angalia hapa. Tulipoanza kuita amegeuka, amekimbia. Na hapa tena. Kila tukiita, anakwenda mbele. Ndugu yangu, huyu mtoto anatusikia vizuri. Huyu anatukimbia."

"Anikimbie mimi babu yake?" baba akasema. "Kwa nini?"

"Sijui. Ila nisilolipenda ni kule anakoelekea." Akaonyesha kwa kidevu upande wa magharibi, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kuna nini huko.

Baba akavuta pumzi akaita tena, sauti imeshakwaruza, karibu analia. Mimi nikatazama chini. Mbele ya mguu wangu, chini ya kichaka, nyasi zilikuwa zimelala duara dogo, kama mahali alipolala mbuzi mchanga. Nikapagusa. Palikuwa pamelowa. Mtoto alikuwa amejikunyata hapo sasa hivi, ameziba mdomo kama nilivyomfundisha, na kwa hofu amejikojolea.

Nikashika mkono wa Mzee Mbelwa, nikapiga magoti. "Babu, wanyamazishe. Waambie wasiite. Ni mimi niliyemfundisha."

Nilimwambia yote, na baba akisikia. Baba aliinua mkono. Mzee Mbelwa akasimama katikati yetu, akasema kwa sauti ya chini, "Utampiga kesho. Leo tuna kazi." Kisha akapaza sauti mara moja tu, "Nyamazeni wote! Kila mtu akae chini alipo!"

Pori likanyamaza, na ukimya ule ulinitisha kuliko kelele.

Akanigeukia. "Ulimwambia kinaweza kuchukua sauti ya nani?"

"Yangu. Ya baba. Ya mama yake. Ya kila mtu anayemjua."

"Kwa hiyo hata tukimleta mama yake aite, mtoto atakimbia."

"Ndiyo, babu."

Akafikiri. Jua lilikuwa limebaki kama kimo cha mti. "Nyumbani huwa anakimbilia nini? Usiniambie anaogopa nini, hayo nimeyasikia. Anakimbilia nini?"

Sikuhitaji kufikiri. "Mdogo wake akilia."

"Na ulimwambia kitu chako hicho kinalia kama kitoto kichanga?"

"Hapana."

"Basi nenda kamlete dada yako na mwanawe. Na hizo habari umpe wewe, kwa mdomo wako huo huo."

Nilikimbia, mwanangu, miiba ilinichana gauni na miguu, sikuisikia. Nilimkuta Halima amekaa kitandani na kitoto chake cha siku kumi na mbili, mama yuko mlangoni. Nikasema. Nikasema mbio mbio bila kupumua, uongo nilioutunga, muwa niliompa, mashimo, kila kitu. Mama akajishika kichwa, akasimama mlangoni akapanua mikono. "Mzazi wa siku kumi na mbili aende porini? Na kitoto hiki kwenye upepo wa jioni? Mnataka kunizikisha wawili?"

Halima alikuwa ameshasimama. Alijifunga kanga ya tumboni akaikaza, akamfunika mtoto, akamtazama mama. "Mama, nipishe."

Mama akapisha. Kwangu Halima hakusema neno baya hata moja, nilitamani aseme. Alisema tu, "Tangulia, njia unaijua wewe."

Tulimweka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya baba, mimi nikaikokota, kwa sababu kutembea kwenyewe kulikuwa kunamshinda. Tulipofika, Mzee Mbelwa alikuwa ameshawasogeza watu mbele kimya kimya. Nyayo ziliishia kwenye kichaka kikubwa, na kati yetu na kichaka hicho kulikuwa na mashimo. Alijua mtoto akitoka atatoka mbio, moja kwa moja, kama afanyavyo nyumbani. Kwa hiyo kila mdomo wa shimo alikuwa ameuwekea mtu ukingoni, amekaa kwenye nyasi kama kizuizi, na penye lile lililokuwa karibu zaidi na kichaka alikaa baba yangu. Aliwaambia mtu yeyote asimshike mtoto. Akishikwa, atadhani kile kitu kimempata.

Halima akakaa chini. Tukasubiri. Na kitoto, mwanangu, kilikuwa kimelala. Kimeshiba, kimelala fofofo, kinatabasamu usingizini.

Halima akakifunua miguu kipigwe na upepo. Kikajinyoosha, kikalala. Akakitikisa. Kikafungua jicho moja, kikalifumba. Mzee Mbelwa akatazama jua, akamtazama Halima, akatazama pembeni. Hakumwambia afanye nini. Halima aliuma mdomo wake wa chini, akaingiza mkono kwenye kanga, akamfinya mwanawe pajani.

Kile kilio bado nakisikia. Kitoto cha siku kumi na mbili hakijui kulia kwa hila, kinalia na mwili mzima. Halima naye machozi yanamtiririka, hatoi sauti. Tukasikiliza. Kichakani kimya. Kitoto kikaanza kutulia, na Halima akamfinya mara ya pili, kwa nguvu zaidi.

Ndipo tukasikia, kutoka ndani ya kichaka, sauti ndogo iliyokauka.

"Mama, mtoto analia."

Hakuna aliyejibu. Mzee Mbelwa alikuwa amenyoosha kiganja, hapumui. Majani yakatikisika, akatoka kwa magoti, kichwa kimejaa vijiti, mikwaruzo usoni. Akasimama. Akawaona watu wazima wamekaa kwenye nyasi kama mawe, wanamtazama bila kusema. Akarudi hatua moja nyuma. Kitoto kikapiga ukelele, naye akaja. Alikimbia kwenye ukingo wa lile shimo, kwa upande wa baba, karibu kiasi kwamba baba angeweza kumgusa. Hakumgusa. Baba yangu alikuwa na macho mekundu na mikono yote miwili ameikalia.

Alifika akashika mguu wa mdogo wake. "Nyamaza, mdogo wangu," akasema. Kisha akainua macho kwa mama yake, akamgusa shavu kwa kidole. "Ni wewe kweli?"

Halima alimvuta akamlaza mapajani pamoja na mwenzake, akatingisha kichwa tu, ndiyo, ndiyo. Hapo ndipo wanaume wakaanza kusimama mmoja mmoja, wakijifuta nyuso kwa mikono ya mashati. Mimi nilibaki nyuma. Sikujiona nina haki ya kusogea. Mwajuma ndiye aliyenitafuta kwa macho. Alikuwa amevaa kitu begani kama bangili kubwa, akakivua akaninyooshea.

"Mama mdogo, ulisahau ngata."

Baba hakunipiga, si siku ile wala kesho yake. Afadhali angenipiga. Njiani Mzee Mbelwa alitembea kando yangu mpaka tukaanza kuona moshi wa nyumbani. Ndipo aliposema, "Mtoto yule ana akili. Kila ulichomfundisha amekifanya, hakukosea hata kimoja. Umesikia? Hakukosea yeye." Nimewahi kusemwa na watu wengi maishani mwangu, na mengi nimesahau, lakini hayo nitakwenda nayo kaburini.

Kile kitoto kilichofinywa hakikupata hata mafua, ingawa mama yangu alianza kuhesabu arobaini upya kwa hasira. Leo ni baba wa watoto wawili, na tukikutana kwenye shughuli huwa anamwambia Halima mbele za watu, "Mama, paja bado linauma." Mwajuma naye ana nyumba yake Makuyuni, mahindi yake, kuku wake. Lakini ukienda kwake, mwanangu, usishangae. Ukimwita kutoka nje hatakuitika. Utasimama uani unaita, utafikiri hayupo. Kisha utaona pazia linasogea kidogo, atakutazama kwanza, atoke, akuguse mkono, ndipo aseme, "Karibu." Mume wake ameshazoea. Majirani wanadhani ana maringo. Mimi najua ni kitu gani, na huwa nasimama pale uani nasubiri anitazame mpaka aridhike.

Sasa nikuambie ninachotaka ushike. Usimnyamazishe mtoto kwa kumtisha. Kama pori lina shimo, mwambie lina shimo, mshike mkono umwonyeshe, atakuelewa kuliko unavyodhani. Kama umechoka, mwambie umechoka. Ukimtisha atanyamaza, ni kweli, na utaweza kubonyeza simu yako kwa raha, lakini hujui ni siku gani utahitaji akuamini na asikuamini. Mtoto anaweka kila unachompa, hata ulichosema kwa utani. Na ukishakosea, mwanangu, maana utakosea, sema mapema. Uongo wangu ulimpoteza Mwajuma, lakini kilichomfikisha kwenye mashimo ni ule muda niliotembea na watu nikiwa nimefunga mdomo, nikijionea huruma. Kusema kulinichoma mara moja. Kule kunyamaza kungetuua wawili, yeye shimoni na mimi nikiwa hai.

Yule jirani yangu alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akainama akachungulia chini ya kiti, akamwambia mwanawe, "Toka, mwanangu, hakuna jitu. Mama alikuwa anakudanganya." Mtoto alichukua muda kutoka.

Basi nenda. Mungu akupe watoto, na akupe subira ya kuwajibu maswali yao hata wakiuliza mara mia. Awafanye wakimbilie sauti yako, wasiikimbie. Na siku utakayowaita ukiwa na shida, mchana au jioni, karibu au mbali, wakuitikie mara ya kwanza. Amina.